Koti la Jeshi kwa Chuma cha Mkono

Mwaka wenyewe siujui kwa namba. Najua tu kwamba ndio mwaka tuliokula ugali wa mihogo kutoka palizi mpaka Krismasi, ugali mweusi wa kunata, ukiurusha ukutani unabaki hapo hapo. Wanaume walikuwa wamerudi kutoka vitani, mvua ikakataa, mahindi yakakauka yakiwa urefu wa goti. Kwetu upande wa Malakisi watu walichimba hata mihogo waliyokuwa wameisahau. Mume wangu akasema twende Kitale kwenye mashamba ya Wazungu, atafute kazi. Tukatembea siku mbili, mimi na mtoto mgongoni na kuku mmoja kwapani. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miguu kama njiti za kiberiti. Ukimwona leo ana kifua kama mlango wa ghala, na wajukuu alionipa ni hivyo hivyo. Wageni hudhani ukoo wetu ulikula nyama siku zote. Hawajui ilikuwaje.

Shambani tulikofika, kazi ya jembe ilikuwapo kwa kila mtu. Kazi nzuri ilikuwa moja tu, kukamua. Mkamuaji alipewa kila siku nusu debe ya maziwa yanayobaki mashine ikishatoa krimu. Yale mengine walipewa nguruwe. Niliwatazama nguruwe wale walivyonenepa, nikamtazama mtoto wangu, nikasema moyoni kwamba lazima tuwapunguzie hawa chakula.

Nyapara wa zizi alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya tarumbeta. Alimwambia mume wangu, "Mkamuaji mmoja anaondoka mwezi ukiisha. Anayetaka nafasi atakamua ng'ombe kumi mchana mmoja, mbele yangu, bila kupumzika. Mkono ukifa njiani, rudi kwa jembe."

Sasa mume wangu alikuwa amekamua utotoni kwao, lakini jeshini alikuwa dereva wa lori. Miaka yote hiyo ya usukani ilimpa mikono kama ya karani. Akakumbuka kwamba kule jeshini aliona askari wakikaza mikono kwa chuma fulani cha kufunga na kufungua. Na duka la Muhindi pale Kitale lilikuwa na vyuma kama hivyo. Jumamosi akaenda mjini amevaa koti lake la jeshi. Akarudi bila koti.

"Koti liko wapi?" nikamuuliza.

"Mama Mtoto, tazama kwanza hiki."

"Nimeuliza koti."

Kitale, jamani. Asubuhi baridi inakuuma masikio kama mbwa. Na lile koti ndilo lililokuwa blanketi letu sote watatu. Akanionyesha kitu kimekaa kama miguu miwili ya mbuzi iliyofungwa pamoja juu kwa springi nene kuliko kidole changu. Unashika ile miguu kwa kiganja, unaminya mpaka igongane. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Hakilimi, hakipiki.

"Vilikuwa vitatu," akasema. "Chepesi, cha katikati, na hiki. Hicho chepesi Muhindi alisema ni cha wanawake."

"Na hiki?"

"Hiki ati hakuna mtu Kitale nzima amekifunga."

"Na wewe ulikifunga?"

"Nitakifunga."

"Kwa hiyo umetoa koti ukaleta kitu kilichowashinda watu wote, na wewe mmojawapo."

Siku tatu alikiminya hicho chuma mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Miguu ya chuma ilisogea kidogo, ikacheka, ikarudi. Siku ya nne kifundo cha mkono kilivimba kama kiazi, hata jembe akawa analishika kwa vidole viwili.

Siku hiyo hiyo baba mkwe wangu akatutembelea kutoka nyumbani. Alituletea gunia la mihogo mikavu, kana kwamba tulikuwa tumelia njaa ya mihogo. Akakiona chuma, akakitaka. Akajaribu kwa mkono mmoja, akajaribu kwa miwili, akakiweka kati ya magoti akapumua kama ng'ombe anayezaa.

"Hiki chuma kina jeuri," akasema. Kisha akamwambia mwanawe, "Mpe mkeo ajaribu. Si huyu ndiye alikuwa anakamua ng'ombe wa baba yake?"

Ni kweli. Baba yangu alizaa wasichana sita kabla ya kupata mvulana, na mimi nilikuwa wa kwanza. Nilianza kukamua kichwa changu kikiwa kinafika tumboni mwa ng'ombe. Mume wangu alikuwa amegeuka upande mwingine, kwa hiyo baba mkwe akataka kunipa chuma mwenyewe, akasita. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawagusani mikono, wala kitu hakitoki kiganjani mwa mmoja kuingia kiganjani mwa mwingine. Akakiweka juu ya kigoda, akarudi nyuma. Nikakichukua kwenye kigoda.

Nikakifunga. Kiligonga *ta!* kama meno. Nikakifungua, nikakifunga tena. Kisha nikatia mkono wa kushoto, kwa sababu walikuwa wananitazama, na mimi tangu zamani ukinitazama naongeza.

Baba mkwe akaruka. Akanyoosha mkono anipongeze, akakumbuka, mkono ukiwa tayari hewani. Basi akashika mwimo wa mlango akautikisa mpaka udongo ukadondoka. "Hongera, mama! Hongera sana!" Yote hayo akiuambia ule mwimo.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mume wangu hakucheka. Aliokota jembe kwa mkono ule uliovimba, akasema polepole, "Basi kakamue wewe."

Hapo kicheko kikanikauka. Zizi lile halikuajiri mwanamke, kila mtu alijua. Nikikamua mimi ningepigiwa makofi na nguruwe wangeendelea kunywa. Aliyetakiwa kuwa na mkono ni yeye.

Nikamwambia bila kuzunguka, "Ulichagua kwa macho ya watu. Ng'ombe hakuulizi unaweza kuminya kwa nguvu gani mara moja. Anakuuliza utaminya mara ngapi kabla hujachoka. Hicho chepesi ulichokikataa ndicho chetu."

Siku iliyofuata nikachukua chuma na kuku wangu, nikaenda mjini. Muhindi alikuwa nyuma ya meza, na nyuma yake, kwenye msumari, koti letu.

"Bwana, nimerudisha chuma. Nipe kile chepesi, na koti. Kuku huyu ni wako."

"Ah, mama, kitu ikitoka duka hairudi."

"Kina ubaya."

"Ubaya gani? Mzima kabisa! Bwana yako iko na mkono ya mtoto. Wewe funga mbele yangu mara kumi, mimi nakupa koti."

Alikuwa anacheka na mshonaji wake wa pale barazani. Nikamshikisha kuku, maana nilihitaji mikono yote. Nikafunga mara kumi wa kulia. Mshonaji akaacha cherehani. Nikafunga mara tano wa kushoto, za nyongeza. Kuku akalia, Muhindi akageukia msumari.

Akanipa koti. Akanipa kile chepesi, chenye mishikio ya mbao na springi nyembamba kama waya wa seng'enge. Nilikijaribu kabla ya kuondoka, kwa mwendo wa kukamua, mpaka nikahesabu mia. Kilirudi sawasawa kila mara, hakikuvuta upande. Huo ndio ununuzi. Muhindi akaniambia nije kila Jumamosi nifunge kile kizito mbele ya wateja, atanipa sukari guru. Nikamwambia afunge mwenyewe.

Tulimpumzisha mume wangu mpaka uvimbe ukaisha. Kisha kila mchana, nikikoroga ugali, yeye alikaa jikoni na chuma chepesi. Nilimwekea punje ya haragwe katikati ya mishikio, aibane mpaka ugali uive. Ikianguka anaanza upya, na ugali wa mihogo hauna haraka. Baadaye nikamwambia aache kubana, afunge na kufungua, kulia na kushoto, nami nikiimba ule wimbo tuliokamulia nyumbani. Mwisho nikampa vidole vyangu viwili avikamue, maana chuma hakiwezi kufundisha vidole kufuatana, cha juu kitangulie, kidogo kimalize.

"Naumiza?" aliniuliza.

"Bado. Ukiniumiza nitakupiga teke, kama wenzangu wa zizini."

Hapo akacheka, mara ya kwanza tangu lile jambo la kigoda.

Siku ya kujaribiwa nikajitwika debe tupu, mtoto mgongoni, nikasimama nje ya uzio na watu wengine wa shamba. Ng'ombe saba walipita vizuri, maziwa yakilia ndooni kama mvua ya mabati. Wa nane mkono ukaanza kukaza. Wa tisa mlio ule ukawa mwembamba, ukakatika, ukarudi. Nilijua kilichokuwa kinamuuma, na wapi.

Nyapara naye akajua. Akaniona. "Wewe mama! Si ndiye wewe wa chuma? Baba mkwe wako ametangaza shamba zima. Ingia basi umsaidie mzee hawa wawili. Leo nakuruhusu."

Watu wakapiga kelele. "Ingia bana, mama! Tuone!" Mwingine akasema, "Si afadhali aandikwe huyo, bwana abaki na mtoto!"

Mume wangu hakugeuka. Niliona mgongo tu, na mkono umesimama kwenye chuchu. Vidole vyangu vilikuwa vinajifunga vyenyewe kwenye ukingo wa debe. Nakwambia nilitamani. Ningemaliza wale wawili nikiwa naongea. Lakini mguu wangu ungevuka ule uzio, nafasi ingekwisha, na mtoto angerudi kwenye uji wa mihogo.

Nikasema kwa sauti ya kumfikia yeye, "Mimi sikuja kukamua. Nimekuja kubeba maziwa."

Wakacheka, lakini sasa walimcheka nyapara. Mume wangu akaushusha mkono, akaukung'uta kama nilivyomfundisha, akaanza na wa kushoto. Nikaanza kuimba ule wimbo, chini chini, kana kwamba nambembeleza mtoto. Mlio ukarudi ndooni. Wa tisa akaisha. Wa kumi alikuwa mpiga teke na hakupiga, nadhani naye alitaka kusikia wimbo.

Nyapara akapita kila ng'ombe, akaminya kila chuchu kutafuta tone lililobaki. Hakulipata. "Kesho alfajiri uwe hapa," akamwambia. Mashine ilipotoa krimu, nusu debe yangu ikajazwa pale pale, ya moto bado. Nilitia kidole nikampa mtoto alambe, akaking'ang'ania kwa fizi zote.

Sasa Mzungu mwenyewe alikuwa ametoka nyumbani kwake, ameelezwa habari. Nyapara akanijia, safari hii kwa adabu. "Mama, kazi imeisha, hakuna neno. Kamua mmoja tu, Bwana Mkubwa anataka kuona."

Hata mume wangu, jasho likimtiririka na meno yote nje, akasema, "Kamua, Mama Mtoto. Waonyeshe."

Nikajitwika debe bila kumwaga tone. Nikawaambia wote, na yeye ndani yao:

"Mimi sikuja kukamua. Nimekuja kubeba maziwa."