Hodi ya Wageni wa Hawaii

Mwaka wa 2017 nilikuwa mlinzi wa mlango kwenye mkahawa mmoja wa Rosettenville, mtaa wa Johannesburg. Kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma ya geti la chuma, kumtazama anayekuja, na kubonyeza kitufe. Nikibonyeza, geti linafunguka. Nisipobonyeza, mtu anabaki nje, kahawa anaisikia harufu tu.

Mwenye mkahawa alikuwa mama wa Kireno, mzaliwa wa kisiwa cha Madeira. Ndugu za bibi yake walihamia Hawaii zamani kukata miwa, na alipenda kutuambia kwamba kile kigitaa kidogo cha Hawaii chenye nyuzi nne kilitoka kisiwani kwao. Sijui kama ni kweli. Yeye aliamini, na kwa ajili hiyo akaamua kuwafanyia watu wa mtaa sikukuu ya Hawaii, Jumamosi moja: ngoma, mananasi, samaki mbichi wa kukatwakatwa juu ya wali, na kahawa kama kawaida.

Mimi nilikuwa na langu ninalolingoja. Jumapili ya wiki iliyofuata kanisa letu, ghorofani kwenye jengo la zamani mjini, lingeniwekea mikono niwe shemasi. Mtu wa Uvira, Kongo, niliyeachia shule darasa la tano. Miaka yote niliyokaa Johannesburg hakuna aliyenitaka nisimame mbele ya kitu isipokuwa geti. Niliutaka ushemasi ule, tena sana. Naandika hivyo bila kujificha.

Mwalimu wa ngoma alikuwa mwanamke mzaliwa wa Hawaii kwenyewe, ameolewa hapa. Siku ile alifika na wanafunzi wake, akina mama wa makamo wa mtaani, wote na maua shingoni. Nikapeleka mkono kwenye kitufe, akanizuia kwa kiganja. Akasimama nje ya geti, akaimba peke yake, bila kigitaa, sauti ndefu ya kutoka tumboni. Akanyamaza, akangoja. Ndani watu wakaangaliana.

Baadaye nilikuja kujua kwamba mama wa Kireno alikuwa amefundishwa maneno ya kumjibu. Lakini mashine ya kahawa ilikuwa imeanza kuvuja, naye alikuwa amepiga magoti chini ya kaunta na kitambaa. Mwalimu akaimba mara ya pili. Kimya.

Lugha ile sikujua hata neno moja. Kinachofanyika nilikijua. Kwetu mtu hasukumi mlango wa mwenzake. Anasimama, anapiga hodi, anangoja, na wewe wa ndani ukinyamaza umemtukana, au nyumba ina msiba. Alipovuta pumzi mara ya tatu nikainuka, nikasema kwa sauti, "Karibu, mama. Karibuni nyote, ingieni." Nikabonyeza.

Akaingia, akanivika maua yake, akagusisha paji la uso wake na langu na kuvuta pumzi, kama wanavyosalimiana kwao. Watu wakapiga makofi. Simu zilikuwa juu. Mama wa Kireno alinishukuru, akasema nimeokoa sikukuu yake, akaniletea sahani ya mananasi. Hakujua zaidi ya hapo, na sioni kwa nini nimlaumu.

Jumatatu video ilikuwa kwenye WhatsApp ya kanisa. Chini yake mtu ameandika: shemasi wetu afungulia mizimu.

Mchungaji nimpe haki yake. Ndiye aliyenilaza sebuleni kwake nilipoingia mji huu sina hata shuka. Hakupandisha sauti. Aliniuliza yule mama alikuwa akiimba nini. Nikasema sijui, acha nikaulize. Mwalimu akanieleza bila kuficha kwamba alikuwa akiomba ruhusa ya kuingia, na kuwasalimu wenye nyumba pamoja na waliotangulia, yaani waliokufa. Jibu hilo nikalirudisha kwa mchungaji na wazee wa kanisa kama lilivyo.

Mke wangu alisema ningeishia kwenye ruhusa. "Nani alikutuma uongeze wafu, Papa?" Hakuna aliyenituma. Lakini waliniuliza kuna nini ndani ya wimbo, na hao walikuwemo.

Mzee mmoja, fundi cherehani mwenye ulimi, akaniuliza mbele ya wenzake, "Sasa shetani naye akipiga hodi kwa adabu, utamwambia karibu chai?" Wakacheka. Nilikaribia kucheka na mimi, alikuwa amelisema vizuri. Mchungaji akasema jambo lenyewe ni jepesi. Jumapili nisimame, niseme adui alinidanganya, waniombee, na mikono wataniwekea palepale.

Nyumbani mke wangu akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "Sema tu, biishe."

"Sikudanganywa."

"Nani anakuuliza kama ulidanganywa? Banakuuliza kama unapenda kuwa shemasi."

Jumapili nilisimama. Sentensi yao nilikuwa nimeishika kichwani. Nikasema mtu alipiga hodi nikamkaribisha. Kama wimbo wake una ubaya, naomba Mungu anisamehe kwa nisilolijua. Nikafika kwenye lile neno. "Lakini sikudanganywa."

Mchungaji akanichukulia kipaza sauti polepole, kwaya ikaanza. Mikono aliwekewa mwingine, kinyozi wa mjini, mtu mwema. Siwezi kusema hafai.

Huenda kilikuwa kiburi tu. Nimejiuliza mara nyingi, na bado sijui. Wazee hawakunifukuza. Walisema tu kwamba mpaka nitubu, meza ya Bwana, mkate na divai, inipite.

Jumapili ya kwanza ya mwezi uliofuata yule kinyozi alikuja kwenye mstari wetu na sinia ya vikombe. Alimpa mke wangu, akaniangalia, akamtazama mchungaji, akapeleka sinia kwa aliyekaa upande wangu wa pili. Alifanya alivyoagizwa.

Kikombe kile kidogo hakijai hata funda moja. Mke wangu alikishika muda mrefu, macho mbele. Nikadhani ataniachia kidogo.

Akakinywa chote.