Kompyuta Zisizozimwa

Pale zahanati kila mtu humwita Shangazi, hata daktari aliyemzidi umri. Yeye ndiye mtunza kompyuta, na amri yake wanaijua wote: jioni zima kioo, funika kitambaa, mashine yenyewe usiiguse. Aliitoa amri hiyo mwaka ule kompyuta ya mapokezi ilipozimwa ikagoma kuwaka, wagonjwa wakashinda mlangoni bila mafaili. Tangu hapo hakuna aliyethubutu.

Asubuhi hiyo alifika mbio, hata chai hajaonja. Watengenezaji wa mfumo endeshi, ile programu inayoziendesha kompyuta zote pale, walikuwa wametangaza tundu la usalama ndani yake. Tena si tundu la kusubiri. Wezi walishaligundua, wakawa wanapenya humo humo na kuyafunga mafaili ya watu yasifunguke tena. Kiraka cha kuliziba kilishatoka, naye alijua kimejipachika chenyewe, maana ndivyo alivyoziseti.

Akaifungua ya mapokezi. Kiraka kimo, kimekaa tu kama mgeni asiyekaribishwa, kinangoja mashine izimwe na kuwashwa upya. Ya daktari, vivyo hivyo.

"Hizi hazijazimwa tangu lini?"

Sista, muuguzi mkuu, akamtazama. "Si wewe uliyesema tusizime?"

Shangazi akakigeukia kioo. Mafaili ya kina mama wote wa kliniki yamo humo, na aliyeuacha mlango wazi ni yeye.

"Nilisema," akasema. "Leo nasema zimeni."

"Makubwa! Kesho utatuambia tuzioshe kwa sabuni."

Zikazimwa moja moja, kila moja Shangazi akiisimamia mpaka iwake. Zote ziliwaka. Ikabaki ya maabara, ya mzee mpimaji wanayemwita Babu Hadubini kwa vile jicho lake halibanduki kwenye hadubini.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Usinizimie."

"Yako sizimi. Ni kuukuu, haishonewi viraka tena."

"Basi mimi nimepona."

"Hujapona, Babu. Wezi wakiingia kwako, wanatembea na waya mpaka kwa Sista."

Babu akaacha hadubini. Shangazi aliinama chini ya meza, akaushika waya wa mtandao. Mashine hii ilikuwa ikiwaka tu, mwaka baada ya mwaka, na kwa kuwa haikuzimwa hakuna aliyeona inavyozeeka. Hata yeye.

"Nikichomoa, majibu ya damu hayatafika kwa daktari yenyewe."

"Yatafikaje?"

"Kwa miguu."

"Miguu ya nani? Mimi magoti yangu unayajua."

"Yangu," akasema, akachomoa.

Siku nzima alipita ukumbini na karatasi za majibu, maabara kwa daktari, daktari kwa maabara. "Pisheni, mtandao unapita!" Sista akapaza sauti, na wagonjwa kwenye mabenchi wakavuta miguu wakicheka. Shangazi naye alicheka, ila kila akipita mapokezi alichungulia mafaili kama bado yanafunguka. Yalifunguka.

Jioni Sista alipeleka kidole kwenye kitufe cha kioo, kwa mazoea, kisha akakirudisha.

"Nizime yote?"

"Yote."

"Na isipowaka kesho?"

"Nitakuwa hapa kabla yako," Shangazi akasema. Akamshikia kitambaa mpaka taa ndogo ya mashine ilipozimika, ndipo wakaifunika.