Asumini Isiyonuswa

Mwanangu aliupanda ule mwasumini kwa mkono wake, nyuma ya nyumba yetu hapa Bagamoyo, miaka michache kabla ya mizinga ya Wadachi. Alikuwa na umri wa miaka saba. Alichomeka kijiti tu ardhini, nami nikamcheka, lakini kila nilipotia udhu alikuja na kifuu, akakinga maji yaliyotiririka miguuni pangu na kuyamwaga shinani. Kijiti kikashika. Mwaka wa tatu, maua yalipoanza kuwa mengi, ndui iliingia mjini ikamchukua.

Baba yake alikwisha kufa zamani. Mimi niliishi kwa kutunga vikuba, yale mafungu madogo ya asumini na rihani wanayovaa wanawake arusini, kwa hiyo maua ndiyo yaliyokuwa riziki yangu. Baada ya msiba nilipiga marufuku mtu yeyote kuchuma kwenye mti ule, nami nikiwa wa kwanza. Maua ya kazi niliyatafuta kwa watu. Yale ya mwanangu yalifunguka jioni, yakanukia mpaka chumbani, na asubuhi yakaanguka yakaoza. Majirani walisema nimeingiwa na wazimu. Labda kweli. Sauti yake ilikuwa imeanza kunitoka, harufu ile ndiyo iliyobaki, na sikutaka kugawana na mtu.

Upande wa pili wa ua wangu wa makuti aliishi sonara mmoja mzee, mtu wa kisiwa cha Selani, kule karibu na Bara Hindi. Mjini walimwita Banyani. Yeye kila mara alisema kwa upole kwamba si Banyani, anamfuata mwalimu aitwaye Budha, na watu wakaitikia kisha wakaendelea kumwita Banyani. Kazi yake ilikuwa kufua mikufu na vipini, lakini kila siku kabla ya kuwasha jiko lake alikuwa bustanini. Alifagia majani yaliyoanguka, akafukua magugu kwa kisu kidogo, akawaokota viwavi mmoja mmoja, akawabeba juu ya jani hadi vichakani na kuwaweka huko. Hakuua hata mmoja. Nilimwambia, nikichungulia juu ya ule ua wa makuti, kwamba kesho watarudi. Akajibu kwamba anajua, na kwamba kesho hata yeye atakuwapo.

Nilimcheka sana, Mungu anisamehe. Alinieleza kuwa kwao wako watu wanaokwenda msituni kusafisha mioyo, ila yeye amejaliwa kipande hiki cha ardhi tu.

"Watu wanadhani nalima," alisema. "Kumbe nalimwa."

Kila asubuhi alichuma maua akayaweka mbele ya sanamu yake ndogo ya shaba. Siku ya pili aliyatoa yamenyauka, akayafukia chini ya miti. Aliniambia kwamba huyatazama yakinyauka na kujikumbusha kuwa naye yumo njiani. Nikamwambia hayo hata sisi Waislamu twayajua. Moyoni nilijua kwamba twayajua zaidi tukiwa mazikoni.

Siku moja mbuzi waliingia bustanini kwake wakala kila kitu. Nilimwona amesimama na sahani yake ya maua ya sanamu, tupu, mzee yule, na sijui ni kitu gani kilichonishika. Niliingia kwangu nikachuma asumini tano kwenye mti wa mwanangu, za kwanza tangu afe. Kwetu humpi mtu ua hivi hivi. Unalinusa kwanza mbele yake, ndipo unampa, ili ajue unampa kitu unachokipenda. Nikazinusa zote tano, kwa kina, machozi yakinilengalenga, nikamnyooshea.

Mkono wake ukasita. Akazipokea, akashukuru, lakini akasema hizi hataweza kuzipeleka kwa mwalimu wake, kwa kuwa nimezinusa.

Damu ilinichemka. Niliwajua Mabanyani wa sokoni ambao hawanywi maji kwenye chombo alichokigusa Mwislamu, nikaona huyu naye ni wale wale, pumzi yangu ni najisi kwake. Maua ya mwanangu! Sikumngoja amalize. Wiki ile ile nilifunga makuti mapya, nikaupandisha ua hata asionekane. Akinisabahi, nikanyamaza. Nilinyamaza masika yote na kipupwe chote, na mimi nikiamua kununa hujua kununa.

Katika miezi hiyo mti ulianza kuugua. Majani yaligeuka manjano, matawi ya ndani yakakauka, maua yakawa machache na madogo. Nilitia samadi, nikatia maji, nikasoma dua. Ulizidi kudhoofu. Nikahisi mwanangu anakufa mara ya pili, na safari hii polepole.

Kisha nikaanza kumsikia sonara akikohoa. Siku tatu nyundo yake haikulia. Jirani ni jirani, nikapika uji nikampelekea, uso nimeukunja. Nilimkuta kitandani, amekwisha, na kando yake kikombe chenye asumini tano zilizokauka kama karatasi.

Aliona ninakotazama. "Sikuikataa pumzi yako, bibi," alisema. "Ua la kumpa mwalimu hatulinusi, kwa sababu ukilinusa umekwisha kujipa mwenyewe kwanza. Haya ulinipa mimi, nami nimekaa nayo."

Nilikaa chini na bakuli la uji mkononi. Miezi mingapi nilikuwa nimemnyima salamu mtu mgonjwa kwa jambo ambalo swali moja lingelimaliza. Niliona aibu, na hata sasa ninaiona.

Alipopata nafuu kidogo alikuja kwangu na mkongojo kuutazama mti. Aliyashika matawi, akachungulia ndani, akasema umejisonga kwa matawi makavu ambayo mtu hakuyapunguza. Niukate wote, ubaki shubiri moja tu.

Nikamwambia siwezi. Ule ulikuwa mkono wa mwanangu.

"Mwanao alipanda mti, bibi," alisema. "Hakupanda kaburi."

Nilimwambia aondoke. Akaondoka taratibu bila kukasirika, na hilo likaniudhi zaidi. Siku ya nne nilichukua panga nikaukata, huku nikilia kwa sauti kama siku ile ya ndui. Sonara alikuwa amekuja kukaa kwenye kigoda karibu. Tangu hapo kila asubuhi tulikaa mbele ya kisiki, akanifundisha kufagia pale chini polepole, bila kuuliza kama kimechipua. Mimi niliuliza kila siku.

Hakukiona kikichipua. Alikufa kabla ya vuli. Mabanyani walisema si wao, na wetu walisema hawezi kuzikwa kwetu, basi wapagazi wawili wakamchimbia mwisho wa bustani yake. Sikujua nimsomee nini. Nilisimama tu mpaka wakamaliza, kisha nikafagia pale juu.

Chipukizi lilitokea mvua za kwanza. Nilingoja tena, miezi na miezi, nikiwaokota viwavi na kuwapeleka vichakani, na majirani wakapata la kusema. Usiku nilijaribu kuikumbuka harufu ya mti ule, ambayo asumini za watu hazikuwa nayo, nikashindwa. Halafu jioni moja nikaona matumba matatu, matatu tu.

Alfajiri nilijifunga puani ukaya, kile kitambaa changu cha kichwani, nikaukaza nisije nikayanusa, nikayachuma. Niliyabeba mbali na uso wangu mpaka kaburini kwa sonara, nikayaweka juu ya mchanga, nikarudi bila kugeuka.

Nyumbani nilifungua ukaya. Vidole vyangu vilikuwa vinanukia. Maua sikuyanusa, lakini vidole nilivinusa, sonara angenisamehe. Nilikaa kizingitini na mkono usoni, na mwanangu akawa pale, na kifuu chake, na kicheko chake nilichodhani kimepotea. Sikupika, sikufua, sikugusa maji asubuhi nzima, harufu isije ikanitoka vidoleni.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Nilichelewa kadiri nilivyoweza, kisha nikatia udhu. Nilikinga maji yale kwenye kifuu, nikaenda nyuma nikayamwaga shinani.