Ngamia wa kina Roda

Kila Ijumaa kikundi cha wapenda picha wa Garissa kilipewa picha moja mbichi, kila mtu aihariri apendavyo, na kila Ijumaa sifa zote zilimwendea Sadiyo. Barre alichoka. Kwani Sadiyo ana macho mangapi?

Safari hii picha ilikuwa ya ngamia wa kina Roda. Sadiyo aliongeza mwanga kidogo tu, basi. Barre alifuta vumbi, akafuta kila kovu, ngamia akang'aa kama bibi harusi. Akamwonyesha baba yake picha zote mbili, kifua mbele.

Mzee akaitazama ya Sadiyo. "Huyu ni wa kina Roda."

Akaigeukia ya Barre.

"Na huyu uliyemfuta chapa ya ukoo shingoni, umemwiba wapi?"