Memsahibu Ajishonea Nguo ya Kuogelea

Juzi nilikuwa katika duka moja la vitambaa Makadara nikinunua vifungo, akaingia mama wa Kizungu, ngozi ya mabega imembambuka kama kiazi kilichoiva. Akaeleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba daktari amemkataza jua, naye bahari hawezi kuiacha. Kwa hivyo atajishonea mwenyewe nguo ya kuogelea, ya mikono mirefu.

Muuzaji akamtandazia kitambaa. Bibi mmoja mwenye buibui akatia mkono chini yake, akakiinua penye mwanga.

"Waviona vidole vyangu?"

"Naviona."

"Basi na jua litaiona ngozi yako. Tafuta kilichofumwa kikashikana, ila kisiwe kizito, usije ukazama. Mikono ikome hapa." Akamshika kifundo cha mkono.

"Na miguu?"

"Kwani miguu haiungui, mwanangu?"

Jumapili nilimwona yule mama wa Kizungu akiogelea, amejistiri shingo hadi miguu. Wenziwe walikuwa mchangani, wekundu kama kamba waliopikwa, wakimcheka. Aliwatolea ulimi, akapiga mbizi.

Miaka nenda miaka rudi Wazungu wametuuliza vipi wake zetu wastahimili buibui kwa jua hili. Nashukuru daktari wao amewajibu, maana sisi tulikuwa tumeshachoka.