Unamwambia Nani?

Nilivunjika mikono yote miwili kwa sababu ya pazia. Jirani wa chini aliniomba nimtundikie, nami badala ya kutafuta ngazi nikapanda stuli ya plastiki, ile ya kukalia mtu akifua nguo. Stuli ikatanua miguu, nikashuka nikitanguliza viganja. Hospitalini walinifunga plasta kutoka vidoleni hadi karibu na viwiko, na daktari akaniambia kwa utulivu kwamba wiki sita si nyingi. Kwake si nyingi. Mimi ni fundi wa nguo, naishi peke yangu katika chumba kimoja orofa ya tatu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, na kabla ya jua kutua siku hiyo nilikuwa nimejua jinsi maisha ya binadamu yalivyojaa vifungo.

Aliyeniokoa ni mwanamume wa mlango unaotazamana na wangu. Anafanya zamu ya usiku katika kiwanda cha mabeseni kule Industrial Area, na mke na watoto wake wako kwao, magharibi. Tulikuwa tunasalimiana kwenye ngazi tu. Asubuhi ya kwanza alinikuta nikipigana na kitasa kwa kiwiko, akanitazama, akatikisa kichwa.

"Wee buda, hivi utaoza," akasema. "Leta taulo."

Hakuna aliyemwomba. Kuanzia siku hiyo, akitoka kazini alipita kwangu kabla ya kulala, akanishikia kikombe cha chai, kisha akaniogesha. Aliivika mikono yangu karatasi za plastiki za mkate, akazikaza kwa vipande vya mpira wa blada ya baiskeli, akanivua shati. "Nohomo," akasema. Akanivua suruali. "Nohomo." Akanipaka sabuni mgongoni, akasugua kwelikweli, na kila alipohamia sehemu mpya ya mwili wangu alilitaja neno lile kwanza, kama dereva anayewasha indiketa kabla ya kukata kona.

Nohomo limekuja na muziki na simu. Kijana wa huku akimsifu mwanamume mwenzake, akimkumbatia, au akikiri kwamba alikuwa na hamu ya kumwona, analifuatisha neno hilo, maana yake: nimesema nilivyosema, lakini usinidhanie shoga. Mimi nalijua kuliko wengi kwa sababu ya kazi yangu. Ukimpima mwanamume suruali, lazima utepe upite ndani ya paja hadi chini, na hapo ndipo wateja wangu hulitoa. Wengine hukodolea macho mabati ya kibanda. Wengine hucheka kicheko kifupi. Bwana harusi mmoja alilisema hata kabla sijaufungua utepe, kisha akalirudia nikimpima shingo.

Na mimi ndiye yule wanayemkana. Niseme wazi nisije nikakuchosha kwa kukisia: mimi napenda wanaume. Nimejua hivyo tangu utotoni, na hakuna mtu katika jengo letu anayejua. Wangejua, mwenye nyumba angeniambia nihame na wateja wangepeleka suruali zao kwingine. Hayo labda ningeyastahimili, kama ningekuwa na mikono. Lakini jirani yangu angejua anamwogesha nani, nani angenishikia kikombe? Wazo hilo lilikaa nami kwenye kigoda cha bafuni kila asubuhi.

Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, nililichunguza lile neno. Ni tusi au si tusi? Siku nyingine halikuniuma hata kidogo, kwa sababu niliona linavyomsaidia mwenyewe. Asingeweza kumsugua mwanamume mwenzake katikati ya vidole vya miguu bila kulisema, na akishalisema mikono yake ilikuwa mipole kuliko ya mamangu, ambaye alituogesha kama anayekwaruza ukoko. Lilikuwa kibali chake cha kuingia. Nikimnyang'anya kibali, atakayelala na jasho ni nani kama si mimi?

Siku nyingine liliniuma mpaka nikaikataa chai. Asubuhi moja alininyoa ndevu. Alinishika kidevu, akaugeuzia uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akanyoa taratibu huku ulimi umemtoka pembeni. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja.

"Maze, kumbe uko na sura poa," akasema. "Nohomo."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina sura nzuri, wala mamangu. Sifa yenyewe nilikaa nayo kwa muda wa kupepesa jicho, kisha mwenyewe akaichukua. Nilimchukia siku ile nzima. Jioni njaa ikanikumbusha kwamba kesho yake nilimhitaji, nikaacha.

Nilianza kujiuliza watu walifanyaje kabla ya neno hili. Babangu alifanya kazi ya reli, na ujanani alilala kitanda kimoja na rafiki yake kwa miaka, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja na kitanda kimoja. Alipotusimulia habari zake, alisema, "Nilimpenda sana yule bwana," kisha akaendelea na ugali wake. Nikienda mtaa wa Majengo kupeleka kanzu nilizoshona, huwaona wazee wakitoka msikitini wameshikana mikono, vidole kwa vidole, wakibishana juu ya bei ya nyama. Hawamwelezi mtu chochote. Sijidanganyi kwamba wazee hao wangenipenda. Huenda wangenifurusha kwa bakora. Ila kwao shoga hakuwa katikati ya viganja vyao. Sisi tunaomkana kila dakika ndio tuliomkaribisha kila mahali, tunakula naye, tunapimwa naye suruali, tunaoga naye. Hilo lilinichekesha nikiwa peke yangu, na kucheka mpaka machozi si raha kama huna mkono wa kuyafuta.

Wiki ya mwisho kabla ya kutolewa plasta, alikuja amechelewa. Mashine ilikuwa imewaharibikia kazini na macho yake yalikuwa mekundu. Nikamwambia aende akalale.

"Nilale aje na wewe unanuka?" akasema, akaanza kufunga blada.

Aliniosha kichwa kwa sabuni ya kipande, povu likajaa mpaka masikioni. Alikuwa na furaha ya mtu aliyechoka kupita kiasi, ile inayofungua mdomo.

"Wajua mke wangu aliniuliza nini jana? Eti mbona siku hizi nikimpigia simu nasikika niko sawa. Nikamwambia nimepata ndugu huku Nairobi." Vidole vyake viliendelea kunikuna kichwa. "Maze, nakupenda. Nohomo."

Sikuwa nimepanga kusema lolote. Nilitaka tu kujua, kwa kweli, jambo ambalo nilikuwa nimejiuliza wiki zote hizo.

"Unamwambia nani?" nikauliza.

"Nini?"

"Hilo neno. Tuko wawili tu hapa. Unamwambia nani?"

Akacheka. "Si nakuambia wewe. Usianze kufikiria vibaya."

"Na kama mimi ndiye huyo?"

"Ndiye nani?"

"Huyo unayesema wewe siye."

Vidole vikasimama. Kisha vikaondoka kichwani mwangu. Nilisikia ndara zake zikitoka bafuni, zikavuka chumba, mlango ukafunguka, halafu sikusikia kitu.

Povu likaanza kuteremka. Sabuni ile ni ya kufulia, inachoma macho ikiwa na hasira zake. Nilijaribu kujifuta kwa bega, bega nalo lilikuwa na povu. Mfereji ulikuwa mkavu tangu juzi. Nilikaa pale uchi, mikono ndani ya karatasi za mkate, macho nimeyafumba kwa nguvu, nikijiuliza nani atanifungulia blada, na nitamweleza nini nikimwita kwa kelele akanikuta hivi. Niliogopa sana. Nilijiita mjinga kwa lugha zote ninazozijua. Mtu amekupenda, hajakamilisha lakini amekupenda, na wewe huwezi kuchukua ulichopewa ukanyamaza? Chini, watoto walikuwa wakiitana kwenda shule.

Ndara zikarudi. Zilikuwa nzito, za mtu aliyebeba kitu, na mtungi ukatua sakafuni.

"Maji ilikuwa imeisha," akasema. "Nimetoa kwangu."

Aliongea kwa sauti ya chini kuliko kawaida yake. Akachota kwa jagi, akaweka kiganja kwenye paji la uso wangu kulizuia povu, akamimina. Akamimina tena. Nilipoweza kufungua macho, yeye alikuwa akilitazama jagi.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

Aliitikia kwa kichwa, kisha akatazama mlango. Nilidhani anatafuta namna ya kuaga.

"So hizi wiki zote nimekuwa nikikutusi?"

Ningeweza kusema hapana. Hapana ilikuwa rahisi, na mgongo wangu bado ulikuwa na sabuni.

"Siku zingine," nikasema.

Akaligeuzageuza jibu hilo. Akaipindua ndoo tupu, akaikalia, na kwa udogo wa bafu lile magoti yake yakawa karibu kuyagusa yangu. Akaliweka jagi sakafuni.

"Zipi?" akauliza.