Kitufe Chini ya Kiti

Miaka ya tisini, katika mitaa yetu ya Eastlands, kila mwenye gari alikuwa na siri ambayo hata mkewe hakuambiwa: mahali alipoficha swichi ya kukata petroli. Mmoja aliificha nyuma ya redio, mwingine ndani ya kisahani cha majivu. Jirani yetu aliinama kila asubuhi kabla ya kuwasha gari, eti anafunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa sandali. Wezi wa magari walikuwa wengi na bima zetu zilikuwa za kumlipa mtu utakayemgonga tu. Gari likiibiwa, basi, umerudi kutembea kwa miguu.

Siri ya mume wangu niliijua kwa sababu niliifunga mimi. Nilikuwa nimelehemu redio katika kiwanda kimoja mtaani Baba Dogo mpaka mimba ya pili ikanitoa, na nyumbani nikabaki na chuma changu cha kulehemu na sifa ya mwanamke anayejifanya fundi. Yeye alikuwa dereva wa teksi. Gari lilikuwa letu wenyewe, kuukuu, na ndilo lililotulisha. Alikuwa ameliwekea injini kubwa kuliko ya kwanza, na pampu ya zamani ikashindwa kuishibisha. Kila mlima gari lilikohoa likataka kuzimika. Akanunua pampu ya umeme iliyotoka kwenye gari kubwa lililovunjwa, akaiunganisha na waya wa swichi ya funguo, akaja kunionyesha vile gari linavyopaa.

Jioni ya pili akaniita nje. "Mama, hebu nusa hapa."

Nikanusa. Waya ulikuwa umepata moto hadi plastiki yake ikalainika. Pampu ile ilivuta umeme mwingi kuliko waya ule mwembamba ulivyoweza kubeba, na hatua chache kutoka hapo kulikuwa na petroli. Nikamwambia gari haliondoki mpaka tufunge rilei. Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole: waya mwembamba unaiamrisha tu, nayo inafungulia umeme mzito utoke kwenye betri, upite kwenye fyuzi, uende moja kwa moja kwa pampu.

"Sawa," akasema. "Na hapo hapo uniwekee ile swichi ya wezi."

Nikakataa. Nilikataa kwa sauti, majirani wakasikia, na sikujali. Kuna mwanamume wa mtaa wa Lucky Summer aliyekuwa amenyang'anywa gari mwaka ule. Aliikata petroli kabla ya kushuka, kama tulivyoshauriana wote kufanya. Lakini gari likikatwa petroli halisimami papo hapo, linatembea na ile iliyobaki kwenye kabureta. Lake lilifika kwenye kona likazima, na wale vijana wakarudi kwa miguu kumuuliza mbona. Tulichanga pesa za mazishi.

"Wachukue gari," nikamwambia. "Waende nalo mbali. Waende nalo Tanzania!"

"Na tutakula nini, mama? Tutakula hizo nyaya?"

Hapo alinishika pabaya. Nilikaa siku kadhaa nikiwaza, nikipika ugali ukiwa na madonge. Halafu nikapata njia. Badala ya swichi ya kukata, ningeweka kitufe cha kuruhusu. Ukishawasha funguo, unakibonyeza mara moja, rilei inajishikilia yenyewe, pampu inafanya kazi mpaka uzime gari. Mtu akikunyang'anya gari likinguruma, ataenda nalo bila tatizo. Siku atakayolizima, halitawaka tena, na wewe utakuwa mbali naye. Tungeweza kulipata limeachwa mahali.

Jumamosi nikalala chini ya dashibodi, miguu nje, leso imefungwa kiunoni, watoto wa mtaa wakinikodolea macho. Nikaunganisha. Akawasha, akabonyeza, pampu ikalia vizuri. Akazima funguo.

Pampu ikaendelea kulia.

Akatoa funguo kabisa, akazishika hewani. Pampu bado inalia, inasukuma petroli kwenye gari lililozimwa. Nilirukia betri nikang'oa waya kwa mkono, cheche zikaruka, nikakaa chini pale vumbini. Nilikuwa nimeifanya rilei ijishikilie kwa umeme wa betri, na betri haijui kama funguo zimetolewa. Ilibidi ziwe rilei mbili: ndogo ya kujishikilia, inayokula umeme wa funguo, na kubwa ya kubeba mzigo wa pampu, inayoamrishwa na ile ndogo. Funguo zikizimwa, ndogo inaachilia, na kubwa inaachilia nayo. Nikafanya hivyo. Ikakubali.

"Usimwambie mtu," akanionya, akipapasa kitufe chini ya kiti. "Hata mamangu."

"Mamako ataiba gari?"

"Hata mamangu, nimesema."

Nilidhani nitalala usingizi sasa. Wapi! Kila jioni nilikaa nikisikiliza barabara, na kila siku nilipata jambo jipya la kuogopa. Je, wakimbeba ndani ya gari? Je, likizima kwa bahati mbaya naye yumo? Niliogopa kumwambia hayo, kwa sababu yeye alikuwa akitoka asubuhi akipiga mluzi, na nilijiambia heri mmoja wetu awe na amani.

Basi jioni moja, jua halijazama, akaja kwa miguu. Hana viatu, mbele ya shati lake ni matope matupu. Nilimwona kutoka mlangoni, nikamvuta ndani, akanieleza.

Alikuwa ameshusha abiria, injini inanguruma. Vijana watatu, mmoja na bastola. "Shuka, mzae! Lala chini!" Akalala. Wakachukua viatu, wakaingia, wakaondoa gari. Kazi yangu ilikuwa inaenda kama nilivyoipanga.

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu nikawaita."

"Ukawaita nani?"

"Hao hao. Niliinua kichwa nikapiga kelele, kuna kitufe chini ya kiti! Wakasimama. Wakarudi nyuma mpaka waliponiacha, yule wa bastola akafungua dirisha, akaniuliza nimesema nini. Nikamwelekeza. Upande wa kushoto, mkizima mbonyeze kabla ya kuwasha injini. Akaniambia asante, mzae. Wakaenda."

Nilimpiga kifuani kwa ngumi zote mbili. "Walikuwa wameenda! Walikuwa wameshaenda, na wewe unawarudisha! Nililala chini ya dashibodi siku nzima ili usiwe na la kuwaambia!"

Hakunizuia. Alingoja nichoke.

"Nilijua," akasema. "Nilijua vile umeifunga. Lakini nikiwa pale chini niliwaza, watasimama mahali karibu, wazime, wakatae kuamini, warudi. Nilishindwa kungoja, mama. Mimi nimeogopa kila siku. Kila abiria akiingia naogopa. Ule mluzi nilikuwa nakupigia wewe."

Jirani mmoja alikuja mlangoni kuuliza kuna nini, nikamwambia gari limeibiwa, akashika kichwa akaanza kutupa pole. Nikamsikia akiuliza kama tulikuwa na swichi. Nilikuwa nimemshika mume wangu shati, lile lenye matope, na sikutaka kuliachilia.